Siku Baba Mdogo Alipovua Soksi Nyeupe

Asubuhi ile ya Juni ukungu ulikuwa umelalia Mlangali, hata mipaina ya ng'ambo ya barabara ilikuwa haionekani. Nyuma ya turubai vijana walikuwa wamekoka moto, wanageuzageuza ngoma zao kwenye joto ili ngozi zikaze. Ngozi iliyolala kwenye baridi ya Ludewa hulegea. Ukiipiga inatoa sauti ya debe lililojaa pumba. Ilibidi kuzipasha, kuzigonga kwa kidole, kuzipasha tena, mpaka zilipoanza kujibu.

Baba mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake, anafunga kamba za viatu. Kaptura yake nyeupe mama mdogo alikuwa ameifua usiku uliotangulia na kuitia bluu, kisha akaipiga pasi ya mkaa hadi mkunjo ukasimama kama makali ya kisu. Shati jeupe, soksi nyeupe zilizopanda hadi chini ya goti, usinga mkononi. Hivyo ndivyo mchezaji wa mganda anavyotakiwa kuonekana: safi kuliko bwana harusi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo usikae mbali. Utazame vizuri."

Sikumwuliza nitazame nini. Nilidhani anataka nimpige picha.

Waliingia uwanjani kwa mistari miwili. Mganda hauchezwi kwa pupa. Mchezaji anakunja magoti kidogo, anashuka, anabaki hapo hapo chini, na miguu inatembea kana kwamba kifua na kichwa havina habari. Ugumu wake wote uko katika kubaki chini bila kutetereka, huku mabuyu yakilia. Buyu la mganda ni kibuyu kirefu kilichotobolewa na kuzibwa tundu moja kwa utando wa buibui. Mtu haliimbishi kwa kupuliza kama tarumbeta, bali anaimba ndani yake, na ule utando ndio unaoigeuza sauti ya binadamu ikawa mvumo wa nyuki. Nimelitazama kwa karibu mara nyingi na bado linanishangaza.

Katika wimbo wa tatu baba mdogo alitoka kwenye mstari. Hakuanguka, wala hakushika mguu. Alitembea taratibu hadi kwa kijana aliyekuwa akisubiri pembeni, akampa usinga, akamsukuma kidogo begani aingie kwenye nafasi yake. Kisha akaja benchini, akakaa, akaishusha soksi ya kulia. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi mviringo.

"Basi, mwanangu," aliniambia. "Limekataa. Sitaingia tena."

Uwanjani mstari ulikuwa umeshajiziba. Mshereheshaji akatangaza kikundi kinachofuata, akawakumbusha watu kuhamisha pikipiki zilizokuwa njiani. Mtu aliyecheza mganda zaidi ya miaka arobaini alikuwa amestaafu mbele ya mamia ya watu, na aliyejua ni mimi, yule kijana, na mama mdogo aliyekuja kimya kimya kuchukua viatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria namna watu wanavyoagwa jukwaani, na nimejikuta nikisoma habari za dunia iliyo mbali sana na Mlangali, dunia ya baleti.

Tarehe 22 Oktoba 2025, jijini New York, Misty Copeland alicheza kwa mara ya mwisho na American Ballet Theatre. Alikuwa na miaka 43. Alianza kujifunza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wenzake wengi wanakuwa wameshapita miaka minane au tisa ya mazoezi, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa katika kundi hilo. Usiku wa kumuaga ulipangwa miezi kadhaa kabla. Alicheza sehemu ya Romeo na Juliet, na mwishoni akasimama jukwaani huku wenzake na walimu wake wakimletea maua. Desturi hiyo si yake peke yake. Katika makundi makubwa ya baleti, mchezaji mkuu anayestaafu huchagua onyesho la mwisho, tarehe hutangazwa, tiketi huuzwa, na watu huja wakijua wanakuja kuaga. Sylvie Guillem wa Ufaransa alizunguka nchi mbalimbali mwaka 2015 akiaga, akamalizia Japani usiku wa tarehe 31 Desemba, mwaka ukiisha pamoja na safari yake. Alikuwa na miaka 50, umri mkubwa mno kwa kazi hiyo.

Kwa kawaida wachezaji wa baleti wanaacha mapema zaidi, wengi wakiwa katikati ya miaka ya thelathini, na sababu ni mwili. Mwanamke wa baleti husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, ndani ya kiatu ambacho pua yake imetengenezwa kwa tabaka za kitambaa na gundi zilizokaushwa zikawa ngumu. Kiatu hicho kinaweza kulainika na kutupwa baada ya onyesho moja tu. Mguu ulio ndani yake hauna wa kubadilisha. Nyonga, goti, kifundo na kano ya kisigino hubeba uzito huo kila siku ya kazi kwa miaka ishirini, na siku zikifika vinaanza kudai.

Jambo lililonigusa kuliko maua ni lile la Paris. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alitokea jukwaani akiwa amevaa kama jua, na ndipo jina la Mfalme Jua likamganda. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi. Kufikia 1670 yeye mwenyewe alikuwa ameacha kucheza, hajamaliza miaka yake ya mwanzo ya thelathini. Lakini mwaka 1698, chini ya utawala wake, wasanii wa Opera ya Paris waliwekewa mfuko wa pensheni. Mfuko huo haujafa. Hadi leo mchezaji wa baleti wa Opera ya Paris ana haki ya kustaafu akiwa na miaka 42 na kulipwa pensheni. Serikali ya Ufaransa ilipotaka kuubadilisha utaratibu huo mwaka 2019, wachezaji waligoma. Tarehe 24 Desemba, kwenye baridi ya mkesha wa Krismasi, wasichana walitoka nje ya jumba la Garnier na kucheza sehemu ya Ziwa la Mabata-maji kwenye ngazi, mavazi meupe, mabango nyuma yao. Serikali ilikuwa imewaahidi kwamba mabadiliko yasingewahusu wao, yangewahusu watakaoajiriwa baadaye. Walikataa. Walisema hawawezi kuwatupa watoto watakaokuja nyuma yao.

Niliposoma habari hiyo niliikumbuka ile kaptura nyeupe ya Mlangali.

Najua yupo atakayesema: usilinganishe mganda na baleti, ile ni ajira na hii ni burudani ya kijijini. Nakataa. Mganda ni sanaa yenye mafunzo, vyeo, nidhamu na historia, na historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ulizaliwa na beni, ngoma iliyoanza Lamu na Mombasa miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kizungu, ikasambaa kwa vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoisambaza zaidi bara. Majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalipita hapa jirani, Ubena, Oktoba 1918, na askari na wapagazi wa pande zote mbili waliporudi makwao walirudi na hatua za gwaride miguuni. Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa walizichukua hatua hizo, wakaondoa tarumbeta za shaba ambazo hawakuwa nazo, wakaweka kibuyu na utando wa buibui. Wakajipa vyeo: kingi, kapteni, sajini, daktari wa kutazama wagonjwa wa kikundi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, baadhi ya ndugu zetu wanauita malipenga. Kutoka mwambao mganda ulipanda milima ya Livingstone hadi kwetu juu, kwenye baridi. Profesa Terence Ranger aliona jambo hili lina uzito wa kutosha kuandikiwa kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, kuhusu beni na jamii ya Afrika Mashariki.

Na katika mganda wa zamani, mzee alikuwa na mahali pa kwenda goti likikataa. Mashindano yalichukua siku mbili, wageni wakilishwa na kulazwa na wenyeji, na kikundi kilihitaji watu wengi kuliko wachezaji. Aliyeacha kucheza alipanda cheo. Alikuwa mtunzi, au mkaguzi wa usafi anayepita kwenye mstari kutazama kucha na kola, au mwamuzi anayejua hatua ipi imekosewa. Kwa maneno mengine, alistaafu kucheza bila kustaafu mganda.

Kilichobadilika ni muda. Siku hizi ngoma inaitwa kumpokea mgeni rasmi, kuupokea Mwenge wa Uhuru, kufungua kikao, au kupamba banda kwenye Nanenane kule Mbeya. Kikundi kinapewa dakika kumi. Gari lililotumwa lina viti kumi na vinne. Nani atapoteza kiti kwa mzee wa kukagua kucha? Vyeo vimekufa kimya kimya, wamebaki wachezaji watupu, na mchezaji asiyeweza kucheza hana tena kazi. Tumelichukua jukwaa la wenzetu pamoja na ratiba yake, mshereheshaji wake na viti vyake vya mbele. Kiinua mgongo chake hatukukichukua, na mahali pa mzee tulipokuwa napo sisi wenyewe tumepabomoa.

Nimewahi kuandamana na kikundi cha baba mdogo kwenye shughuli moja kubwa, mahali nisipopataja. Walicheza mara tatu kwenye jua, wakapewa soda na biskuti, wakaambiwa posho itafuata. Haikufuata. Walirudi usiku, wamejibana, wanaimba. Sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akisema hatarudi tena, na nadhani ukimya wao ndio unaotufanya tuendelee kuwatendea hivyo.

Hali hii si ya wazee wa vijijini peke yao. Mjini tuna wanenguaji wa bendi za dansi. Wakati Twanga Pepeta, FM Academia na Akudo zikitikisa kumbi za Dar es Salaam, watu wengi walilipa kiingilio kwenda kuwatazama wao kuliko kumsikiliza mpiga gitaa. Mwimbaji akizeeka sauti yake inabaki kwenye kanda na redio. Mpiga gitaa anaweza kukaa kwenye kiti akapiga hadi miaka sabini. Bi Kidude wa Unguja aliimba na kupiga ngoma hadi uzee ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu vizuri, mpaka alipofariki Aprili 2013. Mnenguaji kazi yake imeandikwa mwilini, na mwili ukifunga kitabu hakuna nakala. Wako wapi wanenguaji wale leo? Wachache wana saluni, wachache wanafundisha mazoezi ya viungo, na wengine hatuwajui waliko kwa sababu hatukuwahi kuuliza.

Nirudi nyuma kidogo, maana nisingependa mtu adhani natamani vya ng'ambo tu. Nchi hii iliwahi kulifanya jambo hili vizuri, angalau mara moja. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, aliliambia Bunge kwamba wakoloni walitufanya tuone haya ngoma zetu, na kwamba kazi ya wizara hiyo ni kuturudishia fahari. Muda si mrefu kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na wachezaji wakatolewa mikoani, sindimba kutoka kusini, ngoma za Wagogo kutoka Dodoma, na nyinginezo, wakawa watumishi wenye mshahara. Baadaye kikundi kilivunjwa. Hapo wachezaji wangeweza kurudishwa vijijini na shukrani za mdomo. Badala yake ukafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka 1981, na baadhi ya wachezaji wale wale wakawa wakufunzi. Mtu ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka kuruka sindimba alisimama mbele ya vijana akawaonyesha kiuno kinaanzia wapi. Chuo hicho sasa ni TaSUBa, na tamasha lake lililoanza mwaka 1982 bado linaita watu kila mwaka. Kila kijana anayetoka pale akijua kucheza ngoma ya kabila lisilo lake ana deni kwa mchezaji fulani aliyestaafu ambaye hakuachwa apotee.

Nairobi nako kuna mfano ninaoupenda. Mike Wamaya alicheza dansi Ulaya, akarudi Kenya, akaanza kuwafundisha baleti watoto wa Kibera, kwenye darasa la shule ambalo madawati yake husogezwa ukutani kupata nafasi. Kijana Joel Kioko alitoka mtaa wa Kuwinda, akafundishwa katika Dance Centre Kenya, na akafika hadi shule ya English National Ballet jijini London.  Safari yake iliwezekana kwa sababu kabla yake kuna watu wazima walioshuka jukwaani na kuingia darasani.

Kwetu Ludewa darasa lipo tayari. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umelipa somo la sanaa na michezo nafasi yake katika shule ya msingi. Nimekutana na walimu wanaolifundisha. Wana moyo, ila wengi wao hawakufundishwa ngoma popote, na wanaishia kuwachezesha watoto muziki wa kwenye simu. Hatua mia mbili kutoka uzio wa shule, mzee anayejua nyimbo za mganda kwa makumi amekaa kibarazani anachambua maharage. Umbali kati ya watu hao wawili haulingani na ugumu wa kuwakutanisha.

Upande wa fedha nao una tundu lake. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, nimeona mashine za kushona na mizinga ya nyuki iliyotokana nao. Ila mzee wa kiume aliyeitumikia ngoma ya wilaya maisha yake yote haingii kwenye fungu lolote kati ya hayo. Hifadhi ya jamii inapokea michango ya wanaojiajiri, na msanii anaweza kujiunga kama fundi au bodaboda. Vikundi vingekatwa kiasi kidogo kwenye kila posho na kuchangiwa kwa jina la kila mwanachama, kijana wa miaka ishirini wa leo asingejikuta pale alipo baba mdogo. Sharti lake ni moja, posho iwepo na ilipwe.

Wiki mbili baada ya siku ile nilipanda tena Mlangali. Nilimkuta amekaa nje, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, mama mdogo akimkanda goti kwa maji ya moto na chumvi. Nilimwuliza kama anaukumbuka mganda. Alisema mwili unaukumbuka usiku, anashtuka miguu inatembea chini ya blanketi, mama mdogo anamwambia tulia. Kisha akaniuliza kama yule kijana aliyempa usinga nilimwona alivyoingia. Nikasema nilimwona. Akasema aliingia kwa mguu wa kushoto, na pale ilipaswa kuwa kulia, na hakuna aliyemsahihisha.

"Mimi nilikuwa nimeshakaa," alisema. "Ningesemaje?"

Aliinuka kwa shida, akashika mhimili wa baraza, akakunja magoti kiasi alichoweza, akanionyesha. Kulia. Halafu unasubiri pigo moja. Halafu kushoto. Mama mdogo alimfokea akae. Alikaa, lakini nilikuwa nimeshaona, na sasa ninaijua hatua ile hata kama mwili wangu hauwezi kuicheza.

Maafisa utamaduni wa halmashauri za Njombe, nawaomba mwanzie hapo. Kila kikundi mnachokiita kumpokea mgeni kina mtu mmoja au wawili ambao msimu huu ni wa mwisho kwao. Waulizeni majina. Siku ya mwisho ya mchezaji itangazwe kabla, watu wajue wanakuja kumuaga, ahadi ya posho itimizwe siku hiyo hiyo, na Jumatatu inayofuata apewe kiti kwenye shule ya jirani, na usafiri wa kumfikisha pale kama goti haliruhusu kutembea.

Nawe msomaji, kama kijijini kwenu yuko mchezaji aliyekaa benchini mwaka huu, nenda kamwone kabla ya Krismasi. Nenda na simu yenye chaji, umwombe akuonyeshe hatua anazozijua, hata kwa mikono tu akiwa amekaa. Kijana aliyeupokea usinga wa baba mdogo nilimpeleka mwenyewe, Jumamosi iliyofuata. Sasa anaanza na mguu wa kulia.